Chupa ya Mafuta ya Chipsi Niliyoipeleka London

Niliondoka Tanga kwa sababu ya mafuta machafu. Wengine huenda London kusoma, wengine kutibiwa, wengine kuwaona watoto wao na kupiga picha darajani. Mimi nilikwenda na chupa ya mafuta ya chipsi. Nawasimulia nyinyi mliobaki nyumbani, maana huko mabarazani yameshasemwa mengi na nusu yake si kweli.

Anijuaye ananijua. Asiyenijua, mimi ni Hamisi, yule wanayemwita Hamisi Madumu. Shule niliiacha darasa la nne. Nikaanza kuuza mafuta ya taa kwa kikombe, na dumu lenyewe la kuazima. Leo nina magari mawili, tanki la chuma juu ya nguzo, ua mzima wa madumu ya njano, na watu waliomaliza vyuo wananipigia simu kuomba kazi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijishika mwenyewe.

Kazi yangu sasa ni kukusanya mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, kwa wakaanga chipsi, mahotelini, popote penye karai. Yakikusanywa yanapelekwa Ulaya kutengenezwa mafuta ya ndege. Nilipoanza watu walicheka. "Ndege iruke kwa mafuta ya chipsi? Hamisi karogwa!" Waache wacheke. Lakini nyote mnajua mafuta yalivyokuwa mjini kwetu: yalikuwa hayafi. Mkaanga chipsi anayakaangia mpaka yawe rangi ya kahawa, kisha anamuuzia mkaanga mihogo, naye anaendelea nayo mpaka yawe lami, na watoto wetu ndio wanaokula ile mihogo baada ya shule.

Bi. Mwanahawa, mkaanga chipsi wa Ngamiani, ndiye wa kwanza kunikubalia. Tulipatana hivi: mafuta yakifika rangi ya chai ya rangi, basi, asiyarudishe jikoni, ayamimine dumuni kwangu. Wenzake walimfuata. Tanki likajaa, na yalipochanganyika humo na masizi na maganda ya kila karai, yakawa meusi. Mnunuzi alikuwa hajapatikana bado, ila dalali mmoja wa London, Bwana Kirit, alisema kiwanda cha mafuta ya ndege kinataka kwanza kuona sampuli.

"Itume kwa mzigo wa ndege," akaniambia kwenye simu.

"Mimi simtumi mtu kwa jambo langu," nikamjibu. "Nakuja mwenyewe."

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa Bi. Mwanahawa kuaga. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata kichwa.

"Nenda salama, Hamisi. Lakini nakwambia mapema. Tanki lako limejaa, madumu yamejaa, na mimi viazi vinanunuliwa kila siku. Ukirudi mikono mitupu, mafuta yangu yanarudi karaini."

"Bi. Mwanahawa, mimi nilishawahi kurudi mikono mitupu?"

"Ndiyo maana nakwambia. Hujazoea."

Niliondoka na chupa yangu sandukuni, nimeizungushia taulo. Na sikuyabeba mafuta kama yalivyo tankini. Sikulelewa hivyo. Mama yangu hakupeleka sahani ya futari kwa jirani bila kuifuta ukingo kwa kitambaa. Alisema anayepelekewa huanza kula kwa macho. Kwa hiyo niliyachemsha yale mafuta na maji, nikayaacha yatuame, nikayapitisha kwenye mkaa wa vifuu uliotwangwa, kisha kwenye udongo mweupe wa pemba, ule wanaoutafuna wajawazito, mwisho nikayachuja kwa kitambaa cha melimeli. Yakatoka ya dhahabu, yanang'aa kama asali mpya. Watoto wangu walisema, baba, haya yanafaa kwa pilau.

Ndani ya ndege nilikaa dirishani na magoti yangu kooni. Tangu Dar es Salaam sikulala. Kila mlio wa injini niliusikiliza kama mtu anayesikiliza gari lake mwenyewe likipanda mlima. Nikamwambia jirani yangu kwamba siku moja ndege hii itakunywa mafuta yangu. Akavaa vile vya masikioni.

Uwanja wa ndege wa London ulinipokea kwa mistari ya watu na kwa baridi. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havifungiki. Nje alikuwa ananingoja shemeji yangu Seif, Mpemba, mume wa Zuhura, binti wa mama yangu mdogo. Seif anafanya kazi palepale uwanjani, anaendesha gari la kujaza mafuta kwenye ndege, na alikuwa ametoka tu kazini.

"Karibu, shemegi. Mbona umechoka hivo?"

"Sijachoka. Nimekaa vibaya tu."

Njiani kwenda Walthamstow, wanakoishi, magari yalisimama kuliko yalivyokwenda. Nikapata nafasi ya kumuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza mtu, maana kwetu mimi ndiye ninayeulizwa.

"Hivi, shemeji, mafuta ya ndege hasa ni nini?"

"Si ulikuwa ukiuza mafuta ya taa? Basi ni ndugu zake. Khitilafu yao ni adabu. Haya yamefunzwa adabu." Akainua kidole kutoka kwenye usukani. "Kule juu kuna baridi kushinda friji lolote ulijualo, na hayana ruhusa kuganda. Maji hayatakiwi hata chembe, kwani yakigeuka barafu yataziba njia na injini itakosa chakula. Na huku chini hayatakiwi yashike moto ovyo ovyo. Kabla ya kumimina natoa kidogo kwenye chupa ya kioo, nayaangalia kwenye mwanga. Lazima yawe safi yanang'aa. Nikiona ukungu, simimini."

"Safi yanang'aa," nikarudia. Moyo wangu ukatulia. Nikaligusa sanduku kwa mguu.

"Lakini mafuta ya chipsi, shemegi, yaweke nje usiku huu hapa London, asubuhi yameganda kama samli. Kwa hiyo kiwandani wanayapiga kwa haidrojeni, wanayavunja, wanayatoa ule ukoo wa mafuta ya kula yaingie ukoo wa mafuta ya taa. Kisha wanayachanganya na yale ya kuchimbwa, kwani mipira ya kuzibia mabomba ya ndege imezoea yale ya zamani. Ikiyakosa inasinyaa, inavuja."

Nikamwambia nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Walthamstow nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na soko lao ni barabara moja ndefu kama isiyo na mwisho, wanauza mpaka bamia na ndizi za kupika. Zuhura alinipikia wali wa nazi. Anafanya kazi ya kutunza wazee na alikuwa anangoja shifti ya jioni, anakula kwa kusimama. Nikaiweka chupa yangu katikati ya meza kama kombe la mpira.

Salma, binti yao aliye sekondari, anakielewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Akaitazama chupa, akasema maneno mengi ya haraka.

"Anasemaje mpwa wangu?"

"Anasema ndege zinaharibu hali ya hewa," Zuhura akanitafsiria. "Anasema Mjomba, mafuta yako yakiungua yanatoa hewa ya kaboni ileile. Sasa faida ni nini?"

Mimi nikakohoa. Seif akaniokoa.

"Hewa ni ileile kweli, mama. Lakini tazama ilikotoka. Kaboni ya mafuta ya kuchimbwa ilikuwa imelala chini ya ardhi, ungeiacha ingeendelea kulala. Hii ya Mjomba mti uliivuta juzi juzi kutoka hewani, ikawa mafuta, ikakaanga chipsi, inarudi ilikokuwa. Na masizi yanapungua. Ile mistari myeupe nyuma ya ndege, kila chembe ya barafu hushika kwenye chembe ya masizi. Yakipungua masizi, na mistari inapungua."

Salma akaniuliza tena, safari hii polepole, nami nikaelewa kabla ya kutafsiriwa: je, nina hakika ni mafuta yaliyotumika?

"Mwulize Bi. Mwanahawa," nikasema, na wote wakacheka, ingawa hawamjui.

Kenton, kwa Bwana Kirit, nilikwenda peke yangu, kwa treni mbili na basi. Zile ngazi zinazokwenda zenyewe zilinitia kizunguzungu, na watu wa kule hawasemi samahani, wanakupita tu kama maji yanavyolipita jiwe. Ofisi ya Bwana Kirit iko juu ya duka la viungo. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Pangani, akaja huku kijana, na Kiswahili chake hakijahama.

"Karibu, karibu! Madumu mwenyewe! Wewe mnene kuliko sauti yako."

"Na wewe mzee kuliko yako, Bwana Kirit."

Tukanywa chai ya maziwa yenye iliki. Akaniuliza habari za mto, za kivuko, kama watu bado wanaongea kwa sauti kubwa vile. Kisha nikatoa chupa. Akaishika, akaisogeza dirishani kwenye mwanga ule wao wa kijivu, akaigeuza. Nilingoja asifu. Akasema tu, "Hm. Mazuri sana haya," na akaiweka chini taratibu. Nilidhani ni sifa. Kumbe alikuwa ameanza kuogopa.

Stratford ndipo penye maabara, ndani ya jengo la vioo ambalo mlango wake uliniona kabla sijaugusa. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani. Bwana Kirit alikuwa anatafsiri.

"Anauliza yamekaanga nini."

"Mwambie chipsi. Na samaki. Na kuku kidogo. Mwambie mimi ndiye mkusanyaji mkubwa Tanga nzima, na pwani yote hapatikani mafuta kama haya."

Yule binti akainua chupa kwenye taa. Akachota kidogo, akaandika, akaturudishia chupa na kutuambia tungoje siku chache. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyekwisha kusaini. Nikampigia simu Bi. Mwanahawa nikiwa barabarani, upepo unanipiga.

"Wamekubali?"

"Wameyatazama, wamekosa la kusema!"

"Kukosa la kusema si kukubali, Hamisi," akasema, na nikasikia viazi vikiingia karaini.

Siku za kungoja zilinichosha kuliko safari. Nililala kwenye kochi, mgongo ukawa kama ubao. Mvua haikunyesha wala haikukatika, ilikuwa inaning'inia tu. Zuhura alitoka giza, akarudi giza. Nilizunguka sokoni mpaka wauza ndizi wakanizoea. Kwetu nikipita mtaani nasalimiwa kila baraza. Kule nilikuwa mzee mmoja aliyevaa koti la shemeji yake.

Bwana Kirit aliniita tena Kenton. Safari hii hapakuwa na chai.

"Bwana Hamisi, kaa. Maabara wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Wanasema haya si mafuta yaliyotumika. Mafuta yakikaanga mara nyingi yanavunjika, yanabaki na alama zake. Ya kwako alama chache mno. Rangi hakuna, uchafu hakuna. Anasema yanafanana na mafuta mapya ya mawese, mtu ametia kijiko cha mafuta ya zamani ili apate harufu."

Nilisimama. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Bwana Kirit akaningoja nimalize.

"Sikiliza. Kuna watu wanafanya hivyo. Wananunua mafuta mapya, wanayaita machafu, kwa sababu machafu yanatakiwa zaidi. Mawese mapya yanatoka wapi? Mtu anakata msitu apande michikichi. Msitu ukikatwa, kaboni yake yote inapanda juu. Basi ndege itaruka kwa mafuta yanayoitwa mazuri, kumbe yameharibu kuliko yale ya kuchimbwa. Kwa hiyo yule binti kazi yake kuwakamata. Amekuona wewe mmoja wao."

Mimi, mwizi. Mimi niliyeanza na dumu la kuazima nikalirudisha limeoshwa.

Niliporudi Walthamstow sikumsalimia mtu. Zuhura alikuwa jikoni anakaanga sambusa za harusi ya jirani, karai zima, na mafuta yamekwisha kuwa meusi. Nikamsimulia yote, mkaa wa vifuu, udongo wa pemba, melimeli. Akazima jiko.

"Kaka Hamisi, uliyaosha?"

"Niliyaosha. Ningepelekaje uchafu ugenini?"

Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kisha akanyoosha mwiko kuelekea karai.

"Basi si uchukue haya? Wanataka machafu, haya machafu. Jaza chupa, mwambie Mhindi wako ulikuwa na nyingine ukaisahau sandukuni. Nani atajua?"

Sitawaficha, nilichukua chupa tupu. Niliishika juu ya lile karai, naona vipande vya sambusa vimezama chini, nanusa kitunguu. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nyumbani kulikuwa na tanki limejaa, na Bi. Mwanahawa na karai lake. Chupa moja tu. Salma alikuwa amesimama mlangoni anatazama. 

Nikafikiri: yule binti wa maabara amesema mimi ni mwongo. Hajasema kweli. Lakini nikijaza chupa hii, atakuwa amesema kweli.

"Haya ni ya Walthamstow," nikamwambia Zuhura. "Mimi nauza ya Tanga."

"Haya, bosi," akasema, akarudisha moto.

Kesho yake nilirudi Kenton bila kuitwa. Nikamweleza Bwana Kirit kila kitu, mpaka sahani ya futari ya mama. Nilitegemea akasirike. Aliinamisha kichwa mezani, mabega yakatikisika, nikadhani analia.

"Mama yangu Pangani," akasema akifuta macho, "mgonjwa akiitiwa daktari, kwanza alimwogesha, akampaka poda, akamvalisha. Daktari anafika, anamkuta mgonjwa ananukia kuliko yeye. Anauliza, mgonjwa yuko wapi? Wewe umefanya vilevile. Sampuli ni mgonjwa, Bwana Hamisi! Mpeleke kama alivyoamka!"

"Sasa nifanyeje?"

"Wewe usifanye chochote. Hapo ndipo pagumu kwako. Nitaomba mkaguzi aende Tanga, achote mwenyewe kutoka tankini, afunge, apige muhuri. Wewe simama mbali. Kama tanki lako ni jeusi kama unavyosema, jina langu litapona na lako. Kama siyo, yamekwisha yako na yangu."

Nikampa mkono. Ile chupa ya dhahabu nilimwachia Zuhura. Baadaye aliniambia ilikaanga maandazi mazuri kuliko mafuta ya dukani.

Safari ya kurudi Seif alinipeleka uwanjani kabla ya zamu yake. Tulisimama kidogo pembeni mwa uzio, ndege zikitushukia vichwani moja baada ya nyingine, matumbo wazi. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa hewani, ileile ya vikombe vyangu vya utotoni. Nikamuuliza zile ndege zote zinakunywa kiasi gani, na mafuta ya chipsi yakikusanywa dunia nzima yatatosha?

"Hayatatosha, shemegi. Hata robo hayafiki. Sharti watu wapunguze safari, na wapate njia nyingine."

"Sasa tunahangaikia nini?"

Akainua mabega. "Wewe unahangaikia mihogo ya watoto, si ulisema?"

 Nilimkumbatia, nikaingia ndani na sanduku jepesi.

Tanga nilifika kimya, sikuita mtu kunipokea. Bi. Mwanahawa aliniona nikishuka kwenye bajaji, akaisoma mikono yangu. Nikamweleza ukweli mbele ya wateja wake: yamekataliwa kwa sababu ni safi mno. Akageuza chipsi zake karaini.

"Nitakungojea huyo mkaguzi," akasema. "Akishapita, sikungojei tena."

Mkaguzi alikuja, kijana wa Dar es Salaam mwenye glavu. Nikasimama kivulini mbali, mikono nyuma, kama nilivyoagizwa. Akafungua bomba la tanki. Yakatoka meusi mazito, na maganda, na mapezi ya samaki, yakamwagikia shingo ya chupa mpaka kwenye glavu. Leso ilikuwa mfukoni mwangu. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliurudisha nyuma nikaushika kwa ule mwingine.

Majibu yalipokuja Bwana Kirit alipiga simu mwenyewe. Hakusalimia.

"Bwana Hamisi, mafuta yako machafu kweli kweli! Hongera!"

Katika umri wangu wote sijawahi kupongezwa hivyo. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie, mnanijua. Lakini uchovu wa London ulikuwa bado haujatoka mwilini, nikakaa juu ya dumu tu, nikasema alhamdulillahi. Nilichojifunza ni kidogo, na kimenigharimu nyayo: heshima ya mama ni ya sahani inayopelekwa kwa jirani. Kitu kinachokwenda kutolea ushahidi kiache kiende na matope yake.

Jioni nikaenda na dumu tupu kwa Bi. Mwanahawa. Alikuwa ameshajua, mji huu haufichi. Akaepua karai, mafuta rangi ya chai, akayamimina taratibu mpaka tone la mwisho. Kisha akashika pindo la kanga yake, akainama kuufuta mdomo wa dumu.

"Usifute," nikamwambia.